Nilichojifunza nikiuza chupa kwa simu Kariakoo

Wiki hii sitazungumzia viwavijeshi vamizi wala mbolea ya kukuzia. Nitakusimulia kazi niliyoifanya kabla Serikali haijaniajiri, kwa sababu maswali unayoniuliza siku hizi yamebadilika. Zamani uliniita shambani ukaniuliza, "Bwana shamba, mahindi yangu yana nini?" Sasa unaniuliza, "Bwana shamba, hii asali nitaiuzaje kwenye simu?"

Na wiki iliyopita mzee mmoja wa kata ninayohudumia alinionyesha ujumbe wa mtu anayemuuzia mashine ya kutotolesha vifaranga "kutoka Kariakoo" kwa nusu bei. Akaniuliza kama atume pesa. Nilimwambia asitume hata shilingi mpaka nimsimulie kisa kimoja. Nimeona bora nikusimulie na wewe.

Nilivyofika Kariakoo

Nilimaliza stashahada ya kilimo mwaka 2017. Kila tangazo la ajira lililotoka niliomba, na majina yakitoka langu halimo. Nilikaa nyumbani miaka miwili nikilima nyanya na baba. Mwaka 2019 dada yangu anayeishi Buguruni akanipigia, akasema kuna mama ana duka la vifungashio Kariakoo anatafuta kijana wa kazi. Nikapanda basi.

Duka lenyewe lilikuwa fremu moja, upana wake hatua nne, kwenye mtaa mwembamba wa Kariakoo upande wa kuelekea Mnazi Mmoja. Tuliuza chupa za plastiki na za kioo, ndoo zenye mifuniko, mifuko ya unga wa lishe, makopo ya siagi ya karanga. Inasemwa kwamba jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Na mimi nilianza hivyo hivyo, kwa kubeba. Mzigo ukishuka kwenye guta, naupandisha stoo ghorofa ya tatu kwa ngazi.

Mwenye duka sote tulimwita Mama. Alikuwa amefanya biashara Kariakoo zaidi ya miaka ishirini. Aliposikia nimesomea kilimo akaanza kuniita bwana shamba kwa utani, na siku moja akaniita kaunta akanipa simu yenye kioo kilichopasuka.

"Bwana shamba, wewe umesoma. Mawinga wanauza mzigo wangu kuliko mimi. Hebu nione na sisi tutafanyaje."

Kama hujawahi kufika Kariakoo, winga ni mtu asiye na duka. Anakupokea barabarani, anakuuliza unatafuta nini, anakupeleka dukani, na juu ya bei ya duka anaweka yake. Si mwizi, ni kazi kama kazi nyingine, na wengine ni waaminifu sana. Ila siku hizi winga hahitaji hata kusimama juani. Anapiga picha mzigo wa watu, anaweka mtandaoni, ukilipa ndipo anakimbia dukani kununua. Wateja wa mikoani walikuwa wananunua chupa za Mama bila kujua kuna Mama.

Tukakubaliana: mshahara shilingi 150,000 kwa mwezi, na asilimia mbili ya mzigo wowote utakaouzwa kwa simu. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mtangazaji wa duka mtandaoni. Sikusomea, na hakuna aliyenifundisha.

Kazi ilivyokuwa

Fremu yetu ilikuwa na giza hata saa sita mchana. Picha nilizopiga ndani zilionekana kama za ushahidi wa polisi. Kwa hiyo nikawa natoka saa moja asubuhi na boksi la chupa, naenda viwanja vya Mnazi Mmoja kabla jua halijawa kali, naweka kitambaa cheupe kwenye ukingo wa zege, napanga chupa, napiga. Pembeni ya kila chupa niliweka kiberiti. Mteja wa Kibondo hawezi kuishika chupa, lakini kiberiti anakijua ukubwa wake. Jambo hilo dogo lilipunguza maswali nusu.

Mwanzoni niliiga wengine. Chini ya picha niliandika "Bei njoo inboksi." Mama akaomba nimsomee nilichoandika. Akacheka.

"Mtu akija hapa kaunta akauliza bei, huwa namvuta pembeni nimnong'oneze?"

Kuanzia siku hiyo bei ikaandikwa. Walionunua wakaongezeka, na waliokuwa wanauliza kupitisha muda wakapungua.

Lakini kilicholifungua duka ni asali. Mteja mmoja alinunua chupa za lita moja akiziita "za kilo." Nikamuuliza anaujazaje. Akasema anajaza mpaka shingoni, anauza kwa bei ya kilo. Hapo elimu yangu ya chuo ikaamka. Asali ni nzito kuliko maji. Lita moja ya maji ina kilo moja, lakini lita moja ya asali ina karibu kilo moja na gramu 400. Yule bwana kila chupa aliyouza alimpa mteja gramu 400 bure. Anayetaka kuuza kilo moja ya asali anahitaji chupa ya mililita 700 hivi.

Nikaandika hayo kwa maneno yasiyozidi sita mistari, nikaweka picha ya chupa mbili na mizani. Sikuandika "nunua." Ujumbe ule ulizunguka kwenye makundi ya WhatsApp ya wafugaji nyuki, na simu zikaanza kuingia kutoka Manyoni, Sikonge, Handeni. Walipiga kuuliza kuhusu uzito, wakaishia kuagiza chupa.

Jambo hili nimelishika mpaka leo: mtu hakufuati kwa sababu una bidhaa. Anakufuata kwa sababu umemwambia kitu kilichomwokolea pesa yake.

Usiku wa moto

Jumamosi ya tarehe 10 Julai 2021, usiku, soko kuu la Kariakoo liliungua. Huenda unakumbuka. Ni lile jengo kubwa lililochorwa na msanifu wetu Mtanzania, Beda Amuli, likafunguliwa mwaka 1975. Nilikuwa Buguruni kwa dada. Mama akanipigia sauti ikitetemeka: "Nenda kaangalie fremu."

Nilifika Mtaa wa Msimbazi nikakuta umati na askari wamezuia njia. Moto ulikuwa unatoka juu ya paa. Watu wazima walikuwa wamekaa chini kwenye lami wanalia, kwa sababu mtaji wao wote ulikuwa mle ndani. Nikazunguka kwa mbali mpaka nikaifikia fremu yetu. Ilikuwa salama. Kati yetu na moto kulikuwa na mitaa kadhaa. Nikampigia Mama, akamshukuru Mungu, akakata simu akalale.

Mimi sikulala. Kama saa tano usiku nilichukua picha moja ya ule moto, nikaweka juu yake jina la duka letu kama nilivyoweka kwenye picha zote, nikaandika: "Kariakoo inaungua. Tuombeeni."

Isome tena. Hakuna uongo hata mmoja. Kariakoo ilikuwa inaungua, na maombi tulikuwa tunayahitaji. Lakini mimi niliyeandika nilijua msomaji ataelewa nini. Nilijua ataona moto na jina la duka pamoja, ataamini tumeungua. Na kama nisingejua, nisingeliweka jina.

Asubuhi picha ile ilikuwa imesambazwa kuliko kitu chochote nilichowahi kuweka. Ukurasa ulikuwa na wafuasi 3,100. Ndani ya siku tatu walikaribia 9,000. Nilikuwa naangalia ile namba kama mtu anayeangalia mahindi yakiota.

Jumatatu wateja wawili walituma shilingi elfu kumi kumi za pole. Mama akashangaa. "Wananipa pole ya nini?" Nikamjibu, "Wanatoa pole kwa Kariakoo, Mama." Akaagiza pesa zirudishwe na niwatangazie watu kwamba sisi tuko salama.

Nilitangaza. Lakini nilitangaza kwenye Status ya WhatsApp, ambayo baada ya saa 24 inafutika. Ile picha ya moto niliiacha palepale kwenye ukurasa, kwa sababu ilikuwa bado inaleta watu.

Mama wa Manyoni

Wiki tatu baadaye, saa mbili asubuhi, alikuja mama mmoja mlangoni. Alikuwa na mkoba wa nguo na kitenge cha safari. Hakuingia. Alisimama akiangalia rafu za chupa kutoka juu mpaka chini, kisha akasema polepole:

"Kumbe hamkuungua."

Alikuwa mweka hazina wa kikundi cha wanawake wafugaji nyuki huko Manyoni. Mara moja kabla ya hapo aliwahi kununua kwetu. Baada ya moto alikuta ukurasa wenye jina la duka letu, na ndani yake picha zangu zote, chupa na kiberiti, mpaka zile zege za Mnazi Mmoja. Jina lilizidi herufi moja tu. Ukurasa ulisema: kufuatia janga la moto, tunamalizia mzigo uliookolewa kwa nusu bei, lipa kwanza. Chupa tulizouza 600 wao walisema 300. Kikundi kikachanga, akatuma shilingi 360,000 kwa ajili ya chupa 1,200.

Mzigo haukufika. Wenzake wakaanza kuuliza. Yeye akawaambia, wale watu wameunguliwa, tuwavumilie, msiwe na moyo mgumu. Akawatuliza wiki mbili. Halafu ile namba ikazimwa, na kijijini maneno yakaanza kwamba pesa amekula mwenyewe. Ndipo alipopanda basi.

"Mimi nimewatetea nyie," alisema. "Nimewatetea mbele ya wenzangu."

Mama akaniomba simu. Akaangalia ukurasa wa matapeli, kisha akaangalia wa kwetu mpaka akafika kwenye picha ya moto.

"Hii umeweka wewe?"

"Ndiyo, Mama."

"Bado ipo mpaka leo?"

"Bado."

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Aliniambia nimsindikize yule mama polisi. Tulipewa RB, na namba ya tapeli tukaituma 15040, namba ambayo TCRA imetuwekea ya kuripoti ujumbe wa kitapeli. Kampuni ya simu walituambia pesa ilitolewa dakika chache baada ya kuingia. Kama angeripoti saa ile ile huenda ingezuiwa. Angeripotije, wakati aliamini anatuma kwa watu wenye msiba?

Tuliporudi, majirani wa fremu walikuwa wameshasikia. Mmoja akamwambia Mama asijitie hasara, Kariakoo kila siku mtu anatapeliwa, utawalipa wangapi? Na kweli hakuna sheria iliyomlazimisha. Mama akajibu maneno ambayo sijayasahau: "Huyu hakuibiwa kwa jina la mwizi. Kaibiwa kwa jina langu."

Akampigia hesabu kwa bei aliyonunulia yeye kiwandani, shilingi 450 kwa chupa. Chupa 800, ambazo ni 360,000 kamili. Nusu ya hasara akaibeba yeye, nusu nikaibeba mimi: 30,000 kwa mwezi kwa miezi sita.

Nikadhani yameisha. Yule mama akashukuru, kisha akauliza, "Chupa nimeshukuru. Na jina langu je?"

Tukampigia mwenyekiti wa kikundi. Ilikuwa siku yao ya kikao, walikuwa wamekusanyika, simu ikawekwa sauti kubwa huku na kule. Mama alijitambulisha, akasalimia, kisha akanipa simu mimi. "Eleza."

Nikaeleza. Nikasikia sauti ya mama mtu mzima ikiuliza:

"Kwa hiyo mwenzetu kweli alituma?"

"Alituma, mama. Ujumbe wa muamala tumeuona, na polisi wameuona."

"Na nyie hamkuungua?"

"Hatukuungua."

"Sasa ile picha ilikuwa ya nini?"

Ndugu msomaji, nilisimama pale kaunta na wateja wananiangalia, sina jibu. Nilitafuta la kupamba nikakosa. Nikasema kweli: "Nilitaka watu wengi waione."

Kukawa kimya. Halafu yule mama mtu mzima akasema, "Haya. Tumesikia." Basi. Yule mweka hazina alikuwa amekaa juu ya ndoo amejifunika uso kwa kitenge.

Baada ya hapo

Siku hiyo hiyo niliifuta picha ya moto. Nikaweka tangazo juu kabisa ya ukurasa: duka letu halikuungua, hatuna mauzo ya nusu bei, ukurasa fulani si wetu, na kosa la picha ile lilikuwa letu. Wengine walinitukana. Wafuasi walishuka kutoka 9,000 wakabaki 6,000 na kitu.

Nikafungua kaunta buku nililokuwa naandika kila oda: nani, anatoka wapi, alitujuaje. Nikahesabu oda zilizotoka kwa watu walioletwa na picha ya moto. Zilikuwa nne. Maelfu yote yale, oda nne. Ule ujumbe wa uzito wa asali, ambao ulisambaa mara chache tu ukilinganisha, ulikuwa umeleta oda zaidi ya sitini, na bado zilikuwa zinakuja. Mauzo hayakushuka hata kidogo walipoondoka wale elfu tatu.

Yule mama wa Manyoni aliendelea kununua kwetu. Ila kila akitaka mzigo alipiga simu ya Mama. Hakunipigia mimi. Sikumlaumu.

Mwaka 2022 jina langu likatoka, nikaja kuwatumikia nyie. Duka bado lipo, na siku hizi binti mmoja ndiye anapiga picha. Nasikia kiberiti hajakiacha.

Kama unataka kuuza kwa simu

Haya ninayokushauri si ya kusoma kitabuni, ni ya kulipia.

1. Andika bei, kipimo na mahali ulipo. "Asali ya nyuki wakubwa, chupa kilo moja, shilingi kadhaa, napatikana kijiji fulani, natuma kwa basi." Mteja asiyejua bei anakuhisi unampima uso.

2. Piga picha nje, asubuhi, na weka kitu cha kulinganisha. Kiberiti, yai, sarafu. Simu ya kawaida inatosha, mwanga ndio kamera.

3. Anza na WhatsApp kabla ya mengine. Wateja wako wapo huko na bando lake ni nafuu. Orodha moja ya matangazo inachukua watu 256, na ujumbe unamfikia yule tu aliyehifadhi namba yako. Kwa hiyo mteja akinunua, mwombe pale pale aihifadhi.

4. Toa ujuzi wako bure. Wewe unajua jinsi ya kutambua maharage yaliyokauka vizuri, au kwa nini asali huganda. Mteja wa mjini hajui. Mwambie. Usiseme asali inatibu kisukari wala vitunguu vinaponya presha, hiyo si kazi yako na inaweza kukuingiza matatani. Ukitaka kufungasha vizuri na kuelekea alama ya TBS, anzia ofisi ya SIDO ya mkoa wako.

5. Mzigo ukisafiri, picha zisafiri nao. Andika jina na namba ya mpokeaji pande zote za boksi. Piga picha boksi, stakabadhi ya basi na namba ya gari, umtumie mteja kabla hajauliza.

6. Andika kila oda daftarini na chanzo chake. Namba ya wafuasi hailipi ada ya mtoto. Daftari ndilo litakalokuambia kipi kinaleta pesa.

7. Usitumie msiba kuuza. Wala wa jirani, wala wa taifa. Na ukikosea, sahihisha mahali pale pale ulipokosea, kwa herufi kubwa zile zile. Mimi nilikosea ukutani nikasahihisha kwenye karatasi ya kuokota.

Kama unanunua kutoka Kariakoo ukiwa kijijini

1. Omba kupigiwa simu ya video, mzigo ukiwa mbele. Mwambie atoke nao mpaka nje akuonyeshe barabara na fremu za jirani. Mwenye duka ataona usumbufu lakini atafanya. Tapeli atasema mtandao wake mbaya.

2. Lipa kwenye namba ya biashara. Kabla hujaweka namba ya siri, soma jina linalotokea. Kama ni jina la mtu ambaye hajatajwa popote, acha.

3. Linganisha herufi za jina la ukurasa na zile za ukurasa uliouzoea. Piga namba ile uliyonunulia mwanzo, si ile iliyoandikwa kwenye tangazo jipya.

4. Oda ya kwanza iwe ndogo. Pesa ya kikundi isitumwe na mtu mmoja akiwa peke yake. Kaeni wawili au watatu, someni jina kwa sauti, na muhtasari wa kikao uandikwe. Hii inalinda pesa, na inamlinda mweka hazina wenu hata pesa ikipotea.

5. Bei ya nusu ina sababu. Usipoijua sababu, sababu ni wewe.

6. Ukishtuka umetapeliwa, usisubiri kesho wala usione aibu. Piga huduma kwa wateja ya mtandao wako dakika ile ile waombe wauzuie muamala, tuma ule ujumbe wa tapeli kwenda 15040, kisha nenda polisi uchukue RB. Utapeli wa aina hii ni kosa, tunayo Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu mwaka 2015.

Nimalizie na yule mzee wa mashine ya vifaranga. Tulikaa naye chini ya mwembe wa ofisi ya kata, nikampigia muuzaji kwa video. Akakata. Nikapiga tena, akaandika kwamba yuko kwenye kikao. Nikamwandikia kwamba tunaomba tu atuonyeshe mashine ikiwaka na kibao cha mtaa. Dakika mbili baadaye picha yake ikapotea, alikuwa ametufungia. Mzee akaangalia simu, akaangalia pesa yake iliyofungwa kwenye leso, akairudisha mfukoni.

Siku ya mnada nitakuwa ofisini kuanzia saa tatu asubuhi. Kama una tangazo usilolielewa, au una bidhaa unataka tuipige picha pamoja, njoo na simu yako. Chaji uje nayo, umeme wa ofisi mnaujua.

Wiki ijayo tutarudi kwenye mahindi.